Usukani Unaong'aa Ni Usukani Mchafu

Haya ni maneno niliyosema Jumapili iliyopita pale Tabata, Dar es Salaam, mbele ya waosha magari, madereva na mafundi siti wenzangu. Waliokuwa kazini wameomba niyaweke yote kama yalivyotoka. Nimeyaweka. Nilichopunguza ni kelele za jamaa mmoja aliyenikatiza mara tatu kuuliza pilau linatoka saa ngapi.

Mwenyekiti, wazee wangu, shikamooni. Vijana, poleni na jua. Dada zangu na mama zangu mnaoendesha, karibuni sana. Nyie ndio mtanielewa haraka, maana mnajua tofauti ya ngozi iliyooshwa na ngozi iliyopakwa mafuta.

Nimeambiwa nizungumzie usafi wa ndani ya gari: usukani, siti za leza, yaani za ngozi, na kila kinachovikwa ngozi. Mimi ni fundi siti. Nilianza mtaa wa Gerezani, hapahapa Dar, nikiwa na miaka 17, nakalia kopo la rangi kwa sababu kigoda kilikuwa cha fundi mkubwa. Tangu hapo nimebandua na kushona siti nisizoweza kuzihesabu, na leo nina neno ambalo halitawafurahisha. Siti nyingi zinazofika mezani kwangu hazikuharibiwa na ajali. Hazikuharibiwa na panya. Hazikuharibiwa na watoto wenye juisi. Zimeharibiwa na usafi. Mmenisikia? Na usafi.

Nianze na swali. Umepeleka gari kuoshwa, umerudi, unafungua mlango, usukani unametameta kama kiatu cha askari wa gwaride. Utasema nini? Wanaosema "hapa pamesafishwa" wanyooshe mikono. Naona. Naona. Hata mwenyekiti.

Basi ndugu zangu, usukani wa leza ulipotoka kiwandani haukuwa unang'aa. Ulikuwa umefubaa, kama ubao wa darasani uliofutwa vizuri. Hicho kinachong'aa ni mafuta: mafuta ya viganja vyako, jasho, losheni, chipsi ulizokula kwenye foleni ya Ubungo, na vumbi likakandamizwa humo siku baada ya siku mpaka likawa kama vanishi. Usukani unaong'aa ni usukani mchafu. Nitalirudia hili mpaka mnichoke.

Nina mteja wangu, mzee mmoja mwenye Harrier. Mara ya kwanza nilipomsafishia usukani wake vizuri, alirudi jioni ileile amekasirika. "Wewe kijana umenichubulia usukani! Ulikuwa unang'aa, sasa umepauka kama miguu ya mtoto aliyeshinda vumbini." Sikubishana naye. Mzee akiwa na hasira unampa kiti, humpi somo. Mwezi uliofuata akaleta gari la mke wake. Safari hii nikasafisha nusu tu ya usukani: nikaanza juu kabisa, pale pa saa sita, nikashuka kwa saa tisa, nikaishia chini, saa kumi na mbili. Ile nusu nyingine nikaiacha na utukufu wake. Halafu nikamkabidhi kitambaa cheupe nilichotumia. Kilikuwa cheusi kama kitako cha sufuria ya mama lishe.

Mzee akapitisha kiganja upande mmoja, akapitisha upande wa pili. Akanusa vidole. Akakaa kimya muda mrefu, kisha akasema neno moja tu: "Malizia."

Kwa hiyo, vijana wangu, mteja akikwambia usukani umepauka, mwambie ndivyo ulivyozaliwa. Na ukimwonyesha kitambaa, huna haja ya maneno mengi.

Sasa nikiri dhambi yangu mwenyewe, maana nimewasema nyie wote na mimi sijajisema.

Miaka ile nilikuwa nauza mng'ao. Dereva teksi akileta gari, naosha, halafu namalizia na ile polishi ya kupuliza, yenye silikoni. Dashibodi napuliza. Milango napuliza. Siti, usukani, gia, hendibreki, napuliza. Pedeli, ndugu zangu, hata pedeli nilikuwa nazipaka! Gari linatoka linanukia ndimu na kumeremeta kama duka la dhahabu. Siku moja ya masika, mvua imekaza, dereva kijana akatoka kwangu. Hakufika mbali. Kwenye kona ya kwanza ya maana usukani ukamteleza, gari likapanda ukingo wa barabara, rimu ikapinda. Namshukuru Mungu hapakuwa na mtu pembeni.

Akarudi kwa miguu, amelowa. Hakunitukana. Alichukua mkono wangu akaufumbata kwa viganja vyake viwili, akasema, "Fundi, hebu jisikie." Viganja vilikuwa vinateleza kama kambale.

Rimu nililipa mimi. Na tangu siku hiyo polishi haigusi usukani. Haigusi gia. Haigusi hendibreki. Haigusi pedeli. Mteja akisisitiza, namrudishia hela yake. Dashibodi yenyewe siipaki ile yenye mng'ao, kwa sababu jua likiwa mbele mng'ao unaakisi kwenye kioo na dereva haoni barabara. Hilo halihitaji hadithi, kaa kwenye gari la namna hiyo saa kumi jioni ukielekea Kimara utaniambia.

Jambo la tatu ndilo nataka tukae nalo, tena mlioleta daftari andikeni. Leza ya gari ni kitu gani?

Wengi mnadhani ni ngozi tupu kama ya ngoma au ya mkoba. Sivyo. Leza ya magari yetu haya, karibu yote, ni ngozi ya ng'ombe iliyopigwa rangi, halafu juu ya rangi ikavikwa koti jembamba la plastiki lisiloonekana. Ng'ombe yuko chini, rangi iko katikati, koti liko juu. Hiyo rangi na hilo koti ukivijumlisha havifiki unene wa karatasi ya daftari. Na wewe na mimi, kazi yetu yote ya kusugua inaishia kwenye hilo koti. Hatusafishi ng'ombe. Tunasafisha koti lake.

Ukilielewa hili, mengine yote yananyooka. Kwa mfano, kuna wanaopaka siti mafuta ya nazi, eti ngozi inakula. Inakula kwa mdomo upi? Juu kuna koti. Dondosha tone la maji kwenye siti: likikaa juu kama umande kwenye jani la mgomba, hiyo imevikwa koti, na mafuta yako yatakaa hapohapo juu yakisubiri vumbi na suruali ya mteja. Tone likizama na kuacha alama nyeusi, hiyo ni ngozi ya wazi, ya magari ya gharama. Hiyo usiiguse kwa kubahatisha, mpigie mtu anayeijua. Na msisahau kwamba siti nyingi tunazoziita za leza zina ngozi pale unapokalia na kuegemea tu. Ubavuni na nyuma ni plastiki iliyochorwa mistari ya ngozi. Ng'ombe hawatoshi, jamani.

Niwape kisa cha Alphard ya harusi. Siti zake zilikuwa rangi ya maziwa, nzuri hasa. Somo wa bibi harusi alipanda akiwa na hina mbichi mkononi, akashika siti ili asiyumbe. Mnajua hina. Asubuhi yake mwenye gari akaleta kwangu, mimi nilikuwa sipo. Kijana wangu, mchapakazi, ana bidii kuliko mimi, akaona hili ni doa la kawaida, akachukua thina, ile ya kuyeyushia rangi.

Alifurahi kwa sekunde tatu. Doa lilitoka! Halafu koti likatoka. Halafu rangi ya maziwa ikatoka kwenye kitambaa, na pale palipokuwa na vidole vya hina pakabaki ng'ombe mwenyewe, kijivujivu, upana wa sahani. Nilikuta kijana amekaa chini anatazama kitambaa kama mtu aliyepewa barua ya mahakama.

Ilibidi nipake rangi upya siti nzima, kwa sababu rangi ya kiraka haikubali kufanana. Na ile hina ilitaka nini? Ilitaka kitambaa chenye unyevu mapema, sabuni laini, mkono mwepesi, leo kidogo na kesho kidogo. Pengine ingebaki alama hafifu. Ibaki! Doa lililofifia mwenye gari atalizoea, lakini pengo la rangi atalionyesha kila anayepanda, na atataja jina lako.

Thina, petroli, asetoni ya kutolea rangi ya kucha: havina kazi ndani ya gari. Na petroli ina balaa lake peke yake. Mvuke wake unatoka hata kwenye baridi ambayo Dar hatutaiona mpaka kiama, na ni mzito kuliko hewa, kwa hiyo unashuka na kutulia chini kwenye kapeti. Halafu wewe umefunga milango mvua isiingie, unawasha mashine ya kunyonya vumbi. Mota yake inatoa cheche. Kuna aliyewahi kufanya hivyo hapa? Usinyooshe mkono, nakujua.

Sabuni ya unga nayo. Mama zangu, maharage magumu yakigoma kuiva mnatia nini? Magadi! Na magadi yakiingia, maharage yanafanya nini? Yanalegea. Sabuni ya unga na ya mche zote ni jamaa wa magadi. Leza asili yake ni uchachu kidogo, ni binamu wa ndimu kuliko magadi. Ukiisugua kwa sabuni ya kufulia kila wiki unaipika taratibu kama maharage: koti linalegea, linapasuka mistari, rangi inaanza kumenyuka pale unapokalia. Dawa ya klorini ya kung'arisha nguo ndiyo usiitaje kabisa. Na lile sponji jeupe linaloitwa la miujiza, na dawa ya meno mliyoiona kwenye video: hivyo ni msasa. Msasa laini, lakini msasa.

Kuna adui mwingine aliingia mwaka 2020. Mnakumbuka vitakasa mikono vya korona? Madereva wa teksi za mtandaoni walikuwa wanapaka kila abiria anapopanda, kila anaposhuka, na mkono mbichi unarudi kwenye usukani. Ile ni spiriti, asilimia 60 na zaidi. Baada ya miezi kadhaa nikaanza kupokea misukani iliyomenyuka sehemu mbili zilezile, pale mikono inaposhika, saa nne na saa nane. Takasa mikono, sikatazi, lakini ngoja ikauke ndipo ushike. Vivyo hivyo dawa ya mbu ya kujipaka: ile yenye kemikali iitwayo DEET inayeyusha plastiki. Ukijipaka kwa wingi na kuegemeza kiwiko kwenye mlango, alama ya kiwiko utaikuta kesho, na hiyo haitoki kwa sabuni yoyote.

Sasa kuna jambo linalowagombanisha waosha magari na wateja bila sababu. Gari limetoka bandarini, lina miaka 15, usukani unanata. Au vifungo vya redio vinanata kama vimemwagiwa soda. Kijana anasugua, kinazidi kunata. Mteja anadhani kijana ni mvivu. Wala si uchafu! Ni plastiki yenyewe imeoza kwa joto na unyevu wa miaka mingi. Ukisugua unafungua tabaka jingine linalonata vilevile. Hapo mwambie mteja ukweli: hili si la kuosha, ni la kuvisha upya au kubadilisha. Nimewahi kutumia siku nzima nikisugua usukani wa namna hiyo, kabla sijajua. Siku nzima, na jioni ulinata kuliko asubuhi.

Mwenyekiti ananionyesha saa. Namalizia kwa jinsi ya kufanya, na kwa bahati nzuri siyo siri yangu. Kwenye droo ya mbele ya gari kuna kitabu. Mara nyingi kimeandikwa Kijapani, ndiyo maana tunakitumia kuzuia tairi. Vitabu vya Toyota vinasema leza isafishwe hivi: nyonya vumbi kwanza, futa kwa kitambaa laini chenye sabuni isiyo kali, ya kufulia nguo za sufu, asilimia 5 tu ndani ya maji. Asilimia 5 ni kama vijiko vitatu vya chakula kwenye lita moja. Kitambaa ukikamue. Futa tena kwa kitambaa kingine chenye maji matupu, kaushia kivulini penye hewa. Angalau mara mbili kwa mwaka. Petroli, alkali, asidi, dawa ya kung'arisha nguo: vyote vimekatazwa humohumo. Usukani mimi naupa mara nyingi zaidi ya hiyo, kwa dereva wa kazi kila wiki mbili, maana mikono haipumziki.

Mnaona hakuna uchawi? Ukikosa sabuni ya sufu, shampuu ya watoto matone machache inatosha. Jaribu kwanza mahali pasipoonekana, chini ya siti. Kwenye mishono pitisha brashi laini, hata mswaki wa zamani uliolegea, na usikandamize. Kitambaa kikichafuka kigeuze, kikichafuka tena chukua kingine. Ukitumia kimoja gari zima unahamisha uchafu wa pedeli kuupeleka kwenye usukani, na hapo bora ungeuacha.

Nasisitiza moja: dawa ipulize kwenye kitambaa, usiipulize kwenye usukani. Kwa nini? Kwa sababu usukani wa leo una vifungo, honi, nyaya, na katikati chini ya nembo kuna eabegi, ule mfuko wa hewa unaofyatuka gari likigonga. Kijana mmoja wa jirani yangu alipuliza povu moja kwa moja kwenye vifungo, akafuta juujuu, gari likaondoka limependeza. Saa tatu usiku honi ikaanza kulia yenyewe. Mtaa mzima ukatoka nje. Mwenye gari akavua waya wa betri akiwa amevaa msuli. Tulicheka sana, lakini kitabu kilekile kinasema mifumo ya eabegi ikilowa inaweza kufyatuka bila ajali, au ikakosa kufyatuka siku ya ajali. Hapo hakuna wa kucheka. Basi zima gari, toa ufunguo, kitambaa kiwe na unyevu tu, kisichuruzike. Na siti zenye vitundu vidogovidogo, usimwage maji. Ndani mna nyaya na sponji, na sponji likinywa maji Dar halikauki wiki.

Wala usifanye kazi hii juani. Mwaka 2018 watafiti wa Chuo Kikuu cha Jimbo la Arizona, Marekani, walichapisha vipimo vya magari yaliyoegeshwa juani siku za joto kali. Ndani ya saa moja tu usukani ulifika wastani wa nyuzi 53 za Selsiasi, siti 51, dashibodi 69. Dar siyo jangwa la Arizona, lakini aliyewahi kukalia siti nyeusi saa nane mchana akiwa na kaptula ananielewa. Sabuni ikigusa leza ya moto inakauka kabla hujafuta, inaacha duara ambalo utalisugua mpaka uchubue. Sogeza gari chini ya mti, fungua milango yote, kunywa maji, leza ipoe. Na wakati wa masika usifunge gari likiwa na unyevu ndani. Ukirudi baada ya wiki utakuta siti zimeota ukungu mweupe kama mkate uliosahauliwa.

Kuhusu misukani ya ile ngozi ya manyoya mafupi, ya magari ya mbio: kitambaa chenye unyevu, brashi laini, basi. Mafuta yasiguse.

Nimemaliza kusema. Lakini nimekuja na ndoo yangu, sabuni yangu na vitambaa vyeupe sita, na nimekuwa nikiitazama ile Crown iliyoegeshwa pale chini ya mwarobaini tangu nilipofika. Kutoka hapa nilipo naona usukani wake unavyopiga mwanga. Mwenyekiti, usinikasirikie. Naomba ufunguo. Nitasafisha nusu tu.